UZI: Brashi gani, rola gani? Ukuta, mlango, grili na chokaa (mafundi wa Mtwara na Lindi karibuni)

Fundi_Shangani

Wakuu, habari za majukumu.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila mara mtu akiuliza "rangi gani nzuri" watu wanamtajia makampuni, na hakuna anayemuuliza ataipaka kwa kifaa gani. Rangi ya bei kubwa ukiipiga kwa rola ya sponji ukutani inaacha mapovu. Ukiipiga kwa brashi iliyolegea inaacha michirizi. Mwenye nyumba anailaumu rangi, fundi naye anaongeza mkono wa tatu (tabaka la tatu la rangi) kufunika makosa, na ndoo ya lita 20 inaisha kabla ya sebule kukamilika.

Tuanze na brashi. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni nywele zake, ukubwa unafuata baadaye. Zipo nywele za asili, za nguruwe, nyeusi au za rangi ya majani makavu, na zipo za kiwandani, za nailoni au poliesta. Za asili ni za rangi ya mafuta na vanishi. Ncha ya kila unywele imepasuka yenyewe matawi mawili matatu, kwa hiyo inashika rangi nzito na kuiachia taratibu. Ila ukiichovya kwenye rangi ya maji, unywele unakunywa maji kama nywele za kichwani: unavimba, unalainika, unatawanyika. Nusu saa tu brashi inakuwa kama ufagio uliolowa, na mstari wa kona hauwezi kunyooka tena hata mkono uwe mtulivu kiasi gani.

Nywele za kiwandani hazinywi maji, ndiyo maana ni za rangi ya maji. Lakini nazo hazilingani. Nailoni inadumu sana ila kwa joto letu la Januari inalegea kidogo. Poliesta inabaki ngumu. Kwa huku pwani mimi napendelea poliesta, au mchanganyiko wa hizo mbili.

Usipoamini maandishi ya kwenye karatasi yake, ng'oa unywele mmoja uuchome kwa kiberiti. Wa asili unanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu. Wa kiwandani unayeyuka na kufanya kidonge kigumu nchani.

Jambo jingine ambalo fundi anapaswa kulisema kabla hajaanza kazi: wateja wengi wa huku ni Waislamu, na wapo wasiotaka nywele za nguruwe zipite kwenye kuta za nyumba yao, achilia mbali msikitini. Mweleze mteja, usimfiche. Siku hizi ziko brashi za poliesta zilizotengenezwa kubeba rangi ya maji na ya mafuta pia. Soma karatasi yake, kama imeandikwa kwa rangi zote chukua hiyo.

Mama_Chikongola

Asante kaka kwa uzi huu. Nina swali la moja kwa moja. Nyumba ni vyumba vitatu na sebule. Ndani imepigwa skimu (ile lipu laini ya mwisho) na kusuguliwa msasa, nje ni plasta ya mchanga na saruji ambayo haijapakwa kitu. Milango mitano ya mbao, madirisha saba yenye grili. Fundi ameniandikia rola mbili na brashi moja ya inchi 4. Vinatosha?

Fundi_Shangani

Karibu mama. Havitoshi, na si kwa sababu ya idadi. Ukuta wa skimu, plasta ghafi, mlango na grili ni nyuso nne tofauti. Hakuna rola moja ya kuzihudumia zote.

Rola huchaguliwa kwa urefu wa manyoya yake (wengine mnaita soksi). Urefu huo huandikwa kwa milimita kwenye karatasi ya pembeni. Ukikuta hakuna maandishi, pima kwa rula kutoka kwenye bomba la ndani hadi ncha ya manyoya. Sheria yake ni kwamba manyoya yafike kwenye shimo la ndani kabisa la ukuta bila kulazimishwa.

Kwa skimu laini ya ndani tumia milimita 9 hadi 12. Manyoya marefu zaidi ya hapo yanabeba rangi nyingi mno na kuacha vipele kama ganda la chungwa, na taa ya usiku ikiwaka pembeni ya ukuta utaviona vyote. Kwa plasta ya mchanga ya nje, milimita 18 hadi 20. Ukitumia yale ya 10 utabaki na vitobo vyeupe vya saruji kila mahali, na fundi atabana rola kwa nguvu ili ifike. Hapo ndipo ile mistari miwili kama reli inatokea pembezoni mwa kila pito. Ukuta wa kunyunyiza au wa mawe unataka milimita 25 na kuendelea.

Mlango laini usio na paneli unataka rola ndogo ya inchi 4 yenye manyoya mafupi sana, milimita 4 au 5, au sponji nzuri ya rangi ya mafuta. Grili ni brashi. Yupo mwenzetu anazijua zaidi, nitamwita.

Kijana_wa_Mtanda

Mkuu, hapo kwenye sponji fafanua. Dukani wanauza rola za sponji kama zinafaa kila kitu, na ndizo rahisi.

Fundi_Shangani

Sponji inashika hewa pamoja na rangi. Unapoizungusha ukutani inajibana na kuachia, na kila ikiachia inatoa povu. Rangi ya maji inakauka haraka, povu linapasuka wakati rangi imeshaanza kukaza, na kinabaki kishimo kidogo cha duara. Ukiona ukuta una vitobo kama umechomwa kwa pini, ujue ni sponji.

Rangi ya mafuta inakauka taratibu, povu linapata muda wa kupasuka na rangi ikajilaza. Ndiyo maana sponji inafaa mlangoni kuliko ukutani. Ila sponji dhaifu ikikutana na thina (kile kimiminika cha kuyeyushia rangi ya mafuta) inavimba na kukatika vipande. Kabla ya kuanza, chovya pembe yake kwenye thina dakika kumi kisha uifinye kwa vidole. Ikiacha vipande vipande mkononi, usiipeleke kwenye mlango.

Dada_Duka_la_Vifaa

Naomba niongezee upande wa kununua, maana wengi wanachagua brashi kwa kuangalia unene tu.

Fungua nywele za brashi katikati kwa vidole gumba viwili, kama unavyopasua njia ya nywele, uchungulie hadi kwenye pete ya bati. Utaona kabari, ya mbao au ya plastiki. Kabari inatakiwa iwepo, ndiyo inayoacha nafasi ya kuhifadhi rangi katikati. Lakini kwenye brashi dhaifu kabari ni kubwa kiasi kwamba nywele zimebaki safu nyembamba mbele na nyuma. Kwa nje inaonekana nene, ndani ni tupu. Brashi ya namna hiyo inabeba rangi kidogo, inadondosha haraka, na unachovya mara mbili kwa kazi ya mchovyo mmoja.

Kisha zigonge nywele kwenye kiganja mara kumi hivi na uzivute kidogo. Mpya yoyote itaachia mbili tatu. Ikiachia kila ukivuta, gundi yake haikushika, na nywele hizo zitabaki ukutani. Zikunje kwenye kiganja kisha uziachie: zirudi zenyewe zikiwa zimenyooka. Angalia na urefu, nywele zizidi upana wa brashi walau mara moja na nusu. Brashi ya inchi 2 yenye nywele za inchi 2 ni fupi, itapaka kama kijiti.

Pete ya bati nayo ina umuhimu huku kwetu. Chumvi ya bahari haiachi bati la kawaida. Brashi ikilala na maji wiki moja, kutu inashuka kwenye nywele, na siku ukiichovya kwenye rangi nyeupe unapata michirizi ya kahawia. Chukua yenye pete isiyoshika kutu, na pete ikicheza kwenye mpini iache hapo hapo dukani.

Kwa rola, angalia bomba la ndani. La karatasi linalowa na kuvimba, baada ya kuoshwa mara mbili linazunguka kama yai. La plastiki linadumu. Mkono wa rola nao: uzungushe kwa kidole. Kama unakwama dukani ukiwa mkavu, ukutani utaburuza badala ya kuzunguka.

Mama_Chikongola

Nimeelewa. Na yale manyoya yanayonyofoka na kubaki ukutani kwenye rola mpya?

Dada_Duka_la_Vifaa

Kabla ya kuitumia, izungushie teipu ya karatasi kuanzia upande mmoja hadi mwingine kisha uivute yote kwa pamoja. Rudia mpaka teipu itoke safi. Kisha ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikung'ute, iache ikauke. Kama ni ya rangi ya maji, ilowanishe kidogo na kuikung'uta tena kabla ya mchovyo wa kwanza. Manyoya makavu kabisa hayapokei rangi sawasawa, sehemu moja inashiba na nyingine inabaki na kiu.

Mtu_wa_Mikindani

Hodi wakuu. Mmesema ya saruji, naomba niseme ya chokaa, maana huku Mikindani zipo kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa na watu wanaziharibu kila mwaka.

Kwanza, chokaa inakula nywele za asili. Ni kali, inayeyusha unywele wa mnyama kama inavyochubua ngozi ya mkono wako. Brashi ya nguruwe au rola ya manyoya ya kondoo ukiiacha kwenye ndoo ya chokaa siku nzima, jioni nywele zimekuwa laini na kukatika. Kwa chokaa tumia brashi pana ya nyuzi za mmea, katani ndiyo hasa, upana wa inchi 5 hadi 7, au brashi ya nyuzi za plastiki.

Pili, rola haifai kwa chokaa. Chokaa ya kupaka ni nyepesi kama maziwa. Kwenye rola inachuruzika kwenye mkono wa fundi na kurukia machoni, na chokaa jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi na glavu, na uwe na ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi dakika ishirini bila kuacha, halafu hospitali.

Namna ya kupaka: lowanisha ukuta kwanza, uwe na unyevu bila maji kutiririka. Paka mkono mwembamba ukipitisha brashi huku na huku kwa kukatisha ili iingie kwenye vitobo. Ikiwa mbichi haionekani, inakuwa kama maji tu. Weupe unakuja inapokauka. Hapo ndipo wasiojua wanakosea: wanaona haijashika, wanaongeza nzito, na ile nzito inapasuka na kudondoka kama magamba. Mikono mitatu hadi minne myembamba, kila mmoja upate siku moja, ndiyo inayodumu.

Na tafadhali msipake rangi ya maji ya plastiki juu ya ukuta wa chokaa na mawe. Ukuta ule unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia usoni. Ukiuziba, unyevu unarudi nyuma ya rangi na kuisukuma. Baada ya mvua za kwanza rangi inatoka kwa vipande pamoja na lipu yake.

Kijana_wa_Mtanda

Hilo la chokaa kula nywele sikulijua. Je, plasta mpya ya saruji nayo inakula brashi?

Mtu_wa_Mikindani

Saruji mbichi nayo ni kali kwa namna ile ile, ila brashi haikai ndani yake kwa hiyo haiharibiki haraka. Kinachoumia ni rangi. Plasta mpya isubiri siku 28 kabla ya kupakwa. Ukiona unga mweupe umechanua ukutani, hiyo ni chumvi ya ndani inatoka. Ifagie kwa brashi kavu ngumu. Usiioshe kwa maji, maji yanairudisha ndani. Subiri, fagia tena, mpaka iache kutoka.

Grili_na_Mageti

Nimeitwa, nimefika. Grili.

Hapa Mtwara chuma kinapakwa mara nyingi kuliko mahali pengine kwa sababu ya hewa ya chumvi, hasa miezi ya kusi upepo unapotoka baharini kwa nguvu. Chumvi haionekani kwa macho. Lamba kidole ulichopitisha kwenye nondo utaipata. Ukipaka rangi juu yake, unafungia kutu ndani. Kwa hiyo kabla ya brashi yoyote ya rangi, osha grili kwa maji ya bomba na brashi ya kufulia, ikauke kabisa, kisha brashi ya waya na msasa namba 80 kwenye kutu. Praima ya kutu, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ipakwe siku hiyo hiyo. Ukiiacha ilale wazi, asubuhi kuna kutu mpya rangi ya chungwa.

Praima ipake kwa brashi, usitumie rola hata kwenye bati pana la geti. Chuma kilicholiwa kina vishimo, na brashi inasukuma praima ndani. Rola inapita juu na kuacha hewa chini. Rangi ya mwisho kwenye bati pana unaweza kutumia rola ndogo ya inchi 4, ni safi na ya haraka.

Kwa nondo za duara na za mraba chukua brashi ya inchi 1 na ya inchi moja na nusu. Brashi ya inchi 4 aliyoandikiwa mama, kwenye grili nusu ya rangi inaishia kwenye kioo na sakafu. Anza kwenye maungio ya welding, yote, ndipo urudi kwenye urefu wa nondo. Ukianza na nondo, rangi inajikusanya kwenye maungio na kutoa machozi. Shika brashi karibu na pete, mpini ulale kati ya kidole gumba na cha shahada kama kalamu. Pitisha upande mwembamba wa brashi nyuma ya nondo kwanza, kisha mbele. Baada ya grili moja rudi uiangalie ukiwa umeinama, chini ya nondo za kulala ndiko kunakosahaulika, na ndiko maji ya mvua yanakoning'inia.

Fundi_Shangani

Hilo la chini ya nondo za kulala lisisitizwe mkuu. Ahsante.

Mzee_wa_Ndoro

Vijana, nimesoma yote. Mmesema vizuri ila hapo kwenye plasta ya nje sikubaliani na kuanza na rola. Plasta ghafi mkono wa kwanza ni brashi. Rola inaweka rangi juu, brashi inaisugua ndani. Ukuta uliosuguliwa kwa brashi mkono wa kwanza haubanduki.

Fundi_Shangani

Shikamoo mzee. Nakubali sababu yako, brashi inasukuma. Ila nyumba ya mama ukuta wa nje haupungui mita za mraba 120. Kwa brashi ya inchi 4 mkono wa kwanza ni siku mbili au tatu, na rangi inakauka kabla hujaunganisha pito na pito. Rola ya milimita 20 yenye manyoya manene, praima ikiwa imeongezwa maji kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo, inafika kwenye vitobo vya mchanga wa kawaida.

Mzee_wa_Ndoro

Marahaba. Kiasi kilichoandikwa, sawa. Shida ni wanaoongeza ndoo nzima ya maji. Basi tukubaliane hivi: mita moja ya chini kutoka ardhini, kuzunguka madirisha na chini ya vizingiti iwe brashi mkono wa kwanza. Huko ndiko mvua inakorusha matope na huko ndiko rangi inakoanza kubanduka. Juu pigeni rola.

Fundi_Shangani

Hilo nalichukua mzee. Na mama alichukue, amwambie fundi wake. Kumbe ile brashi ya inchi 4 imepata kazi yake.

Msafi_wa_Newala

Wakuu, huku juu Newala shida yetu ni vumbi jekundu. Rola nyeupe inageuka nyekundu kabla ya ndoo kufika nusu.

Dada_Duka_la_Vifaa

Vumbi hilo liko ukutani tayari, rola inalichukua na kulirudisha kwenye ndoo. Fagia ukuta kuanzia juu kwenda chini kwa ufagio mkavu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kilichokamuliwa, ukisuuza kila mita chache, uache ukauke. Mwagia maji ardhi ya kuzunguka nyumba, hatua mbili kutoka ukutani, ili upepo na miguu visilirushe tena. Kingine, usichovye rola kwenye ndoo kubwa. Mimina kidogo kidogo kwenye trei. Trei ikichafuka unatupa robo lita, ndoo ikichafuka umepoteza lita 20.

Na mita moja ya chini, kama alivyosema mzee, wengi huku wanaipaka rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea. Wana akili, udongo haujionyeshi.

Kijana_wa_Mtanda

Naomba namna ya kupiga rola yenyewe. Ukuta wangu una mistari ya maungio, na rola ni hiyo hiyo ya milimita 12 mliyosema.

Fundi_Shangani

Mistari ya maungio inakuja pale pito jipya linapokutana na pito lililokwisha kauka. Kwa joto letu na upepo, ukingo wa rangi ya maji unakaa mbichi dakika chache tu. Kwa hiyo usikate kona (kupaka kingo za ukuta kwa brashi) za chumba kizima kwanza halafu ndipo uanze rola. Kata kona ya ukuta mmoja, au muwe wawili: mmoja anakata kwa brashi ya inchi mbili na nusu iliyokatwa mshazari, mwenzake anamfuata kwa rola akiwa nyuma yake kwa mita moja. Funga madirisha na uzime feni wakati wa kupaka, fungua ukimaliza ukuta.

Rola iingize kwenye trei mpaka nusu ya unene wake, iviringishe kwenye mteremko wa trei mara tatu nne mpaka rangi ienee. Ukiinyanyua isidondoshe. Ukutani chukua eneo la mita moja kwa mita moja. Anza kwa pito la kwenda juu ili isiruke, piga mshazari kama herufi W, kisha jaza katikati bila kuinua. Mwisho pitisha kutoka juu hadi chini, moja kwa moja, bila kubana, rola ikiwa nyepesi kama inajizungusha yenyewe. Pito hilo la mwisho lote liwe upande mmoja, juu kwenda chini, nyumba nzima. Ukichanganya juu na chini, manyoya yanalala tofauti na ukuta unaonekana una vivuli viwili vya rangi moja.

Rola ikianza kutoa sauti kavu ya kukwaruza, rudi kwenye trei. Usibane ili kumalizia.

Nje fuata kivuli. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni hadi Agosti jua linapita upande wa kaskazini na ukuta wa kaskazini unachemka karibu mchana kutwa. Huo upake mapema asubuhi. Wa mashariki ungoje mchana, wa magharibi umalize kabla ya saa sita. Weka kiganja ukutani: kama huwezi kukiacha kimetulia, rola haitasaidia kitu.

Mama_Chikongola

Na milango? Na mti wa rola, ninunue au nitumie mpini wa fagio?

Grili_na_Mageti

Mti wa rola ni lazima, hasa dari. Mpini wa fagio unafaa kama una skrubu inayoingia kwenye mkono wa rola. Ukifungwa kwa waya unazunguka, na rola inakwaruza ukuta. Urefu wa mita moja na nusu unatosha chumba cha futi 9. Kwa mti unapaka ukiwa umesimama mbali, unaona kazi yako, na huna ngazi ya kuhamisha kila dakika.

Milango kama ni ya paneli na unapaka rangi ya mafuta, brashi ya inchi 2 ya nywele za asili au poliesta ya rangi zote. Paka paneli kwanza, kisha mbao ya kati ya kusimama, kisha za kulala, mwisho zile mbili ndefu za pembeni. Kila mbao malizia kwa brashi iliyofutwa, ukiigusisha ncha tu kufuata nyuzi za mbao. Chovya theluthi moja ya nywele, si zaidi, na uigonge ndani ya kopo pande mbili badala ya kuifuta kwenye ukingo. Rangi ikipanda hadi kwenye pete inakauka humo, nywele zinapanuka kama mkia wa jogoo, na brashi hiyo haikati mstari tena.

Paka asubuhi mapema. Upepo wa bahari ukianza mchana unaleta mchanga, na rangi ya mafuta inashika kila punje. Mkono wa pili baada ya saa 24, katikati sugua kidogo kwa msasa namba 240 na ufute vumbi.

Dada_Duka_la_Vifaa

Mama, nakuandikia ya kupeleka dukani. Mikono ya rola ya inchi 9, miwili. Manyoya ya milimita 12 mawili, ya milimita 20 mawili. Rola ndogo ya inchi 4 na manyoya yake mafupi matatu. Brashi ya mshazari ya inchi mbili na nusu ya poliesta, moja. Inchi 4 moja ya kazi ya mzee. Inchi 2 moja ya milango. Inchi 1 na inchi moja na nusu za grili, mbili mbili, moja ya praima na moja ya rangi, usichanganye. Trei mbili, mti mmoja, teipu ya karatasi, msasa namba 80, 120 na 240, na brashi ya waya.

Kwa hesabu ya rangi: chumba cha futi 12 kwa 12, kimo futi 9, ukitoa mlango na dirisha ni kama mita za mraba 36. Mikono miwili ni 72. Lita moja kwenye skimu laini inafunika mita 10 hadi 12, kwa hiyo weka lita 7. Nje kwenye plasta ghafi hesabu mita 6 kwa lita kwa mkono wa kwanza. Manyoya marefu yanakunywa rangi yake yenyewe pia, usishangae.

Mzee_wa_Ndoro

Mwambieni na wakati. Pesa za korosho zinaingia kuanzia Oktoba na kuendelea, na mvua nazo zinaanza Novemba, Desemba. Kila mtu anataka apake hapo hapo. Nje asipake ukuta uliolowa hata brashi iwe ya dhahabu. Kama pesa imepatikana Desemba, apake ndani, vifaa na rangi ya nje avitunze mpaka Mei au Juni.

Kijana_wa_Mtanda

Kuvitunza sasa. Nikimaliza mkono wa kwanza jioni na wa pili ni kesho, lazima nioshe?

Dada_Duka_la_Vifaa

Kwa usiku mmoja hapana. Ifunge rola kwenye nailoni bila kuacha hewa, uiweke kivulini. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 watu wanakosa cha kufungia, kwa hiyo usitupe ile nailoni iliyokuja na manyoya yenyewe. Brashi ya rangi ya mafuta ifunge hivyo hivyo.

Kazi ikiisha kabisa, kwangua rangi irudi kwenye ndoo kwa kisu kisicho na makali. Ya maji ioshe kwa maji na sabuni, ukifinya manyoya kuelekea nje, mpaka maji yatoke safi. Ya mafuta tumia makopo mawili ya thina: la kwanza linatoa rangi, la pili linamalizia, halafu sabuni na maji. Thina chafu iache itulie, rangi itazama chini, ile ya juu itumie tena. Usiimwage baharini wala kwenye mtaro. Brashi ichane kwa kitana, ifunge kwa karatasi ikiwa imenyooka, uining'inize. Ukiisimamisha kwa nywele ndani ya kopo itajikunja, na haitanyooka tena.

Matambara yaliyofutia rangi ya mafuta, vanishi au mafuta ya kitani usiyarundike. Yanajipasha joto yenyewe na yanaweza kushika moto bila kiberiti. Yaanike moja moja nje mpaka yakauke.

Mama_Chikongola

Mungu awabariki wote. Swali la mwisho: fundi ana rola ya kazi nyingine, imekauka na rangi ya maji ndani. Anasema ataichemsha.

Fundi_Shangani

Maji ya moto yatalainisha rangi ya nje tu, ya kwenye shina la manyoya itabaki punje punje na kila punje itahamia kwenye skimu yako mama. Atupe manyoya, mkono wa rola auoshe kwa brashi ya waya na autie tone la mafuta kwenye ekseli. Huo bado ni mzima.